Mchumba Anapotaka Kununua Sarafu ya Dhahabu

Mwezi huu tunazungumzia dhahabu. Si ile ya cheni na hereni ambayo akina dada tunaijua vizuri, bali sarafu za dhahabu za Marekani, zile ambazo watu wanazikusanya, wanazifungia kwenye vikasha vya plastiki na kuzinunua kwa bei ambayo ukiitaja mbele ya mama mkwe anaweza akazimia.

Nimelileta suala hili kwa sababu ya ujumbe wa msomaji mmoja wa Dar es Salaam. Mchumba wake anafanya kazi Minneapolis, na kwa miaka miwili wamekuwa wakiweka pesa pamoja kwa ajili ya harusi na kiwanja. Sasa bwana huyo ametuma picha ya sarafu ya dola 20 ya mwaka 1924. Anasema ni adimu, muuzaji anataka jibu kabla ya Ijumaa, na mpaka siku ya harusi itakuwa imeshazaa. Dada wa watu hajui afanye nini. Akikataa ataonekana hamuamini mwenzake, akikubali anaogopa kiwanja kitaishia kwenye kiganja cha mkono.

Mdogo wangu, usikatae na wala usikubali kwanza. Muulize swali moja tu kwa sauti ya upole: mpenzi, hapo tunanunua dhahabu au tunanunua uadimu? Hivyo ni vitu viwili, na kila kimoja kina bei yake. Watu wengi wanaolizwa kwenye biashara hii wamelipa bei ya uadimu wakapewa dhahabu tu.

BEI TATU KWENYE KIPANDE KIMOJA

Sarafu ya namna hii ina bei tatu. Ya kwanza ni ile iliyoandikwa juu yake, yaani dola 20. Ya pili ni ya madini yenyewe. Sarafu ya dola 20, ambayo Wamarekani huiita Double Eagle, ina uzito wa gramu 33.4, na ndani yake mna dhahabu halisi kama gramu 30, pungufu kidogo ya wakia moja. Oktoba 2025 wakia moja ya dhahabu ilivuka dola 4,000 katika soko la dunia, kwa hiyo hesabu unaweza kuifanya mwenyewe. Sonara yeyote ukimpelekea sarafu hiyo ataiweka kwenye mizani na kukupa bei hiyo ya pili, mwaka ulioandikwa haumhusu.

Bei ya tatu ndiyo ya wakusanyaji. Hawa wanaangalia mwaka, kiwanda ilikotengenezwa, hali yake, na zimebaki ngapi duniani. Chukua mfano wa mwaka 1927. Kiwanda cha Philadelphia kilitengeneza Double Eagle karibu milioni tatu mwaka huo, na hadi leo zinapatikana bila shida. Kiwanda cha Denver kilitengeneza 180,000, lakini zinazojulikana kubaki hazifiki hata 20. Kinachozitofautisha ni herufi ndogo ya D juu ya mwaka, unahitaji kioo cha kukuzia kuiona vizuri. Ile ya Philadelphia ambayo haina sifa ya pekee huuzwa kwa bei inayofuata dhahabu, lakini yenye D ni mali ya matajiri. Ndiyo maana wajanja hubandika D ya uongo!

Na ile ya 1924 ya mchumba wako je? Philadelphia ilitengeneza zaidi ya milioni nne mwaka huo. Ni kati ya zile zinazopatikana kwa wingi kuliko zote. Ni dhahabu, nzuri, inapendeza hata kuitazama, lakini adimu? Labda iwe katika hali ya ajabu, haijaguswa tangu ilipotoka kiwandani, na hilo nalo lazima lithibitishwe.

KWA NINI NYINGINE ZILIPOTEA

Hapa ndipo historia inapokuwa tamu. Marekani ilianzisha dola na kiwanda chake cha sarafu kwa sheria ya mwaka 1792, na sarafu za kwanza za dhahabu zikatoka 1795. Sheria ilisema dhahabu ina thamani mara 15 ya fedha. Ulaya ilikuwa karibu mara 15 na nusu. Unaona tatizo? Mfanyabiashara mwenye akili alikusanya sarafu za dhahabu, akazipakia melini, akaziuza ng'ambo zikayeyushwa. Nchi inatengeneza, wenzake wanayeyusha. Hali hiyo ilitulia mwaka 1834, Bunge lilipopunguza kiasi cha dhahabu ndani ya sarafu.

Matokeo yake ni haya. Mwaka 1822 zilitengenezwa sarafu 17,796 za dola 5. Leo zinajulikana tatu tu, mbili zipo katika makumbusho ya Smithsonian, na ile ya tatu iliuzwa mnadani Machi 2021 kwa dola milioni 8.4. Kwa maneno mengine, uadimu si suala la zilizotengenezwa, ni la zilizonusurika.

Mwaka 1848 dhahabu ikagunduliwa California, watu wakamiminika huko, na madini yakawa mengi kiasi kwamba mwaka 1849 Bunge likaruhusu sarafu kubwa ya dola 20. Double Eagle ikaanza kutumika mwaka 1850. Mwaka 1907 ikapewa sura mpya na mchongaji Augustus Saint-Gaudens, kwa ombi la Rais Theodore Roosevelt aliyeona pesa za nchi yake hazina mvuto. Upande mmoja mwanamke amebeba mwenge akitembea mbele, upande wa pili tai anaruka juu ya jua. Wengi wanaiona kuwa ndiyo sarafu nzuri kuliko zote za Marekani. Mchongaji mwenyewe alifariki mwaka huohuo, kabla hazijaanza kutumika.

SERIKALI ILIPOBISHA HODI

Aprili 5, 1933, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, Rais Franklin Roosevelt alitoa amri kwamba wananchi wapeleke dhahabu yao benki hadi Mei 1, wapewe dola za karatasi. Atakayekaidi, faini hadi dola 10,000 au kifungo hadi miaka 10. Wakati huo wakia moja ilihesabiwa dola 20.67. Mwishoni mwa Januari 1934 serikali ikapandisha bei hadi dola 35. Yaani aliyekabidhi sarafu yake ya dola 20 akapewa noti ya dola 20, na miezi tisa baadaye dhahabu ileile ilikuwa na thamani ya zaidi ya dola 33. Fikiria mazungumzo ya usiku huo katika nyumba za watu!

Lakini amri ile iliacha milango miwili wazi. Kila mtu aliruhusiwa kubaki na dhahabu ya hadi dola 100, na sarafu adimu zenye thamani ya pekee kwa wakusanyaji hazikuguswa. Wamarekani waliruhusiwa tena kumiliki dhahabu wapendavyo Desemba 31, 1974. Nakueleza hili kwa sababu hadi leo wapo wauzaji wanaotumia hofu ya 1933. Watakwambia serikali itakuja kuchukua tena, kwa hiyo acha kununua dhahabu ya kawaida, nunua hizi zetu adimu, halafu wanakuuzia kitu cha kawaida kwa bei mbaya. Ukisikia hadithi hiyo pamoja na ile ya mwisho Ijumaa, jua hapo unaharakishwa usipate muda wa kufikiri.

HATA SARAFU INA CHETI CHA NDOA

Sasa sikiliza kisa hiki, kwani kinawahusu sana wale wanaodhani makaratasi hayana maana. Mwaka huohuo wa 1933 kiwanda cha Philadelphia kilitengeneza Double Eagle 445,500. Kwa kuwa amri ilikuwa imeshatoka, hazikuruhusiwa kuingia mitaani. Mbili zikatunzwa Smithsonian, nyingine zikaamriwa ziyeyushwe. Ila chache zikatoka kiwandani kwa mlango wa nyuma.

Moja ilinunuliwa na Mfalme Farouk wa Misri mwaka 1944, na maofisa wa Marekani, kabla hawajashtuka, wakampa kibali cha kuisafirisha. Mfalme akapinduliwa 1952, mali zake zikanadiwa Cairo 1954, Marekani ikaomba irudishiwe sarafu yake, ikaondolewa mnadani na kutoweka. Mwaka 1996 sarafu ambayo ilielezwa kuwa ndiyo hiyo ikaibuka New York mikononi mwa mfanyabiashara kutoka Uingereza, akakamatwa. Kesi ikaisha 2001 kwa makubaliano kwamba iuzwe na pesa zigawanywe. Kile kibali cha mfalme ndicho kilichoiokoa. Julai 2002 iliuzwa dola milioni 7.59, na mnunuzi akaongeza dola 20 ili serikali ihesabu kwamba sarafu imetolewa rasmi. Mnunuzi alikuwa Stuart Weitzman, yule mbunifu wa viatu vya akina dada. Juni 2021 akaiuza dola milioni 18.9.

Haya, geuza upande wa pili. Mwaka 2003 familia moja ya Philadelphia ilifungua sanduku la benki la marehemu baba yao aliyekuwa sonara, ikakuta sarafu 10 za mwaka huohuo wa 1933. Wakazipeleka serikalini zikathibitishwe. Serikali ikathibitisha kwamba ni halisi, kisha ikazibakiza! Familia ikaenda mahakamani. Mwaka 2011 baraza la wazee wa mahakama likasema ni mali ya serikali, mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ikakubali, na 2017 Mahakama Kuu ya nchi ikakataa kuisikiliza rufaa yao.

Umeona, jamani? Dhahabu ni ileile, mwaka uleule, kiwanda kilekile. Moja ina karatasi, ni milioni 18.9. Kumi hazina karatasi, kwa familia ile ni sifuri. Wale mnaosema cheti cha nini wakati tunapendana, mjifikirie.

WALIOKWENDA KUTEMBEZA MBWA

Nisije nikakutisha ukaona dhahabu ni balaa tupu. Februari 2013 mke na mume wa kaskazini mwa California walikuwa wakimtembeza mbwa katika ardhi yao wenyewe, wakaona kopo kuukuu limechomoza udongoni. Walipochimba wakapata makopo manane yenye sarafu za dhahabu 1,427. Ukijumlisha kilichoandikwa juu yake ni karibu dola 28,000. Wataalamu walizithamini kwa takriban dola milioni 10, na moja peke yake, ya San Francisco mwaka 1866, walidhani ingefikia karibu dola milioni moja.

Ninachowapendea watu hawa si bahati. Ni kwamba hawakukimbilia duka la kwanza. Walitafuta ushauri, wakakubaliana majina yao yasitajwe, na ulimwengu ukajua mwaka 2014 wakiwa wameshajipanga. Siri waliiweka kwa watu wa nje, wao wawili hawakufichana.

KABLA HAMJALIPA

Nikurudie mdogo wangu, na wengine mnaofikiria jambo kama hili.

Kwanza, ulizeni bei ya dhahabu ya siku hiyo, zidisheni kwa uzito halisi, halafu linganisheni na anachotaka muuzaji. Tofauti ikiwa ndogo, mnanunua dhahabu. Ikiwa kubwa, muuzaji athibitishe uadimu anaoudai.

Pili, sarafu iwe imepimwa na kampuni inayotambulika kama PCGS au NGC. Hawa huipa alama kutoka 1 hadi 70 na kuifunga kwenye kikasha chenye namba, na namba hiyo mnaweza kuihakiki wenyewe. Hatua moja ya alama inaweza kubadili bei vibaya sana.

Tatu, mkiipata msiisugue. Najua sisi tunapenda kitu king'ae, lakini ukisafisha sarafu ya zamani umefuta thamani yake, haijalishi umetumia sabuni au dawa ya meno.

Nne, na hii ndiyo kubwa, pesa yenye tarehe haiwekwi kwenye sarafu adimu. Pesa ya ukumbi, ya kiwanja, ya ada, hiyo ina siku yake. Sarafu adimu humngoja mnunuzi wake, na mnada nao hukata ada. Kama mna akiba nyingine isiyo na haraka, na wote wawili mmeipenda sarafu ile, nunueni kwa moyo mweupe na muiandike kwa majina yenu wote.

Mchumba wako si mwizi wala si mjinga, ameona kitu kizuri akakuletea picha kabla ya kulipa. Wangapi wananunua kwanza ndipo wanasema? Mshukuru kwa hilo, kisha mtumie hesabu ya gramu 30. Akiifanya mwenyewe atajua pa kusimama, na Ijumaa ya muuzaji itapita kama Ijumaa nyingine.

Kwa leo naishia hapa. Pendaneni, hesabuni, na tukutane mwezi ujao Mungu akipenda.