109 YA BABU, TAA ZA DISKO: WEWE UNAONA, MWENZAKO JE?

Wiki hii mapenzi na mitindo ya nywele tuviweke pembeni, tuongelee taa za gari. Usifunue ukurasa mwingine kwanza, maana hata kama huna gari, barabarani unapita.

Twende Mlali. Kwa wale wa Dar ambao Morogoro yao inaishia Msamvu wakinunua korosho dirishani, Mlali iko Wilaya ya Mvomero. Unaiacha barabara kuu ya Iringa pale Sangasanga, unaipita Mzumbe ya wasomi, unatokea Mlali ya nyanya. Ukizidi kusonga unaanza kuukwea Uluguru kwenda Mgeta na Nyandira, zinakotoka kabichi na karoti unazokula.

Mlima ule una mzee wake, naye ni Land Rover 109. Jina hilo ni inchi 109 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Za mwisho zilitoka kiwandani mwaka 1985, kwa hiyo hata ile kitinda mimba inastahili shikamoo yako. Nyingi zimeshafumuliwa na kuunganishwa mara kibao, mlango wa hii, boneti ya ile. Kuunganishwa kwenyewe kumo kwenye ukoo. Jirani zetu wa Kenya walikuwa na kiwanda pale Thika, kilichoanza mwaka 1974 kwa jina la Leyland Kenya, nacho kiliunda Land Rover kutoka vipande. Ulaya kuna watu wananunua vipande na kuunda gari lenye sura ya kizamani ili wajidai nalo Jumapili. Sisi tunalo la kizamani lenyewe, na Jumatatu linabeba matenga.

Sasa fasheni imeingia, na vijana wenye 109 za babu zao wanang'oa balbu za zamani na kupachika LED. Bwana, sisemi ni ujinga. Balbu mbili za mbele za wati 55 zinakula wati 110, kwa betri ya volti 12 hiyo ni kama ampia 9. Gari lenye dainamo ya kizamani, likiwa limesimama linanguruma tu huku mnapakia, halina chaji ya maana ya kulisha taa zote hizo. LED inakula kidogo, haina waya mwembamba wa kukatika kwa mtikisiko, na betri inapumua. Hapo tuko pamoja.

Kasheshe iko kwenye kupachika. Nilikaa kwenye benchi la gereji moja huko huko nikamsikiliza fundi umeme, mzee wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, akimpa somo kijana mmoja aliyetaka taa za mbele "zinazochoma". Yule mzee hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Mwanangu, zimchome nani?"

Jibu hili hapa. Ile bakuli ya kung'aa ndani ya taa ya 109 ilichongwa kwa ajili ya kiwaya kidogo kilichokaa mahali maalumu. Ukiingiza kijiti cha LED ambacho mwanga wake unaanzia mahali pengine, bakuli inachanganyikiwa. Mwanga unatapanyika juu na pembeni. Wewe kwenye usukani unaona nyeupe tupu, unajiona uko Ulaya. Anayepanda kona kutoka chini haoni ukingo wala bonde. Na mama aliyetoka na ndoo ya mboga kichwani saa kumi na moja alfajiri, anayetembea ukingoni, hamwoni kabisa. Mmetofautiana nini na kumfunga mwenzio kitambaa usoni?

Kama lazima ubadili za mbele, badili taa nzima, bakuli na kioo chake, iliyoundwa kwa LED tangu mwanzo. Za 109 ni duara la inchi 7, kipimo ambacho magari mengi yametumia, kwa hiyo zipo. Lakini angalia imetengenezewa nchi gani. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo ukiweka dimu, mwanga unatakiwa upande kidogo upande wa kushoto, umulike ukingo. Taa iliyoundwa kwa wanaoendesha kulia inapandisha kulia, moja kwa moja kwenye macho ya anayekuja. Kupima ni bure. Usiku, simama sehemu tambarare mbele ya ukuta, washa dimu, tazama mwanga unapandia wapi. Ukiona umepanda kulia, rudisha dukani.

Na ukungu wa Uluguru usiupigie taa kali. Ukungu unarudisha mwanga kwako, unabaki unatazama shuka jeupe. Dimu na mwendo wa pole, basi.

Ushauri wa yule mzee ulikuwa hivi: anza nyuma. Taa za nyuma na za breki ndizo zinazookoa gari lililojaa nyanya likiteremka. Ila nyuma ya kioo chekundu weka LED nyekundu, nyuma ya kioo cha rangi ya chungwa weka ya chungwa. Ile nyeupe kwa kawaida ni ya bluu iliyopakwa dawa ya njano, wekundu wake ni haba. Ukiificha nyuma ya kioo chekundu inatoka pinki iliyofifia. Hiyo bluu yenyewe iliwasumbua wataalamu miaka mingi, na watatu waliozaliwa Japani, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa Nobel kwa ajili yake mwaka 2014.

Halafu pima breki. Balbu moja ya nyuma hufanya kazi mbili, taa ya usiku na ya breki. LED za bei chee mara nyingine zinawaka karibu sawasawa kwa zote mbili, na wa nyuma yako hajui kama umekanyaga breki mpaka akukumbatie. Mwite rafiki asimame hatua thelathini, kanyaga, mwulize ameona tofauti. Akisitasita, zitoe.

Mengine ya haraka haraka. Indiketa zikigoma kukonyeza, au zikikonyeza mbio kama mtu mwenye mchanga jichoni, flasha ya zamani imekosa mzigo, nunua flasha ya kielektroniki ya LED. Land Rover za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 nyingi zilifungwa chanya ya betri kwenye bodi, na LED ya kawaida ikigeuziwa nguzo haiwaki. Na kama gari lina alteneta, ile balbu nyekundu ya chaji kwenye dashibodi iache kama ilivyo, maana umeme unaopita humo ndio unaoiamsha alteneta.

Vimulimuli vya bluu na vyekundu navyo, jamani, waachieni polisi na ambulensi. Kama unamtafuta mchumba, hatakuona vizuri akiwa amefumba macho.

Kwa hiyo kabla hujalipa fundi, fanya jambo moja. Mpe mwenzio usukani, washeni taa, wewe nenda kasimame mbele, hatua hamsini, urefu wa macho ya dereva. Ukiweza kutazama na bado ukauona ukingo wa barabara, mlipe fundi na mwongeze soda. Ukigeuza uso, kazi haijaisha.

Tukutane wiki ijayo panapo majaaliwa. Dimu, tafadhali!