Dunia Iliyohifadhiwa
Wapo wanaocheka wasikiapo kwamba mtu mzima, mwenye akili timamu na kazi ya heshima, amekataa katakata kupokea toleo jipya la mchezo wa kompyuta kwa kuchelea kuipoteza dunia aliyoihifadhi. Walakini mimi siwezi kumcheka, kwa kuwa kilichomo katika faili lile ni sehemu ya umri wake. Katika Minecraft, mathalan, zinazohifadhiwa ni zile pande tu ambazo mchezaji amekwisha kuzifikia, na zilizosalia huumbwa na programu papo hapo azikaribiapo. Hivyo toleo la Beta 1.8 lilipotoka Septemba 2011 na kuibadili kanuni ya kuumba ardhi, wengi walikuta mpakani mwa nchi yao ya kale bahari imekatika ghafula, na mlima umesimama wima kama ukuta. Toleo hilohilo liliziondoa Far Lands, yale majabali ya ajabu yaliyozaliwa na kosa la hesabu, umbali wa vipande (blocks) zaidi ya milioni 12 kutoka kitovuni mwa dunia hiyo, ambayo Mmarekani Kurt J. Mac alikuwa ameanza kuyaendea kwa miguu Machi mwaka uleule. Naye, badala ya kuivunja safari, alibaki na toleo la awali, Beta 1.7.3, yeye na Wolfie, mbwa mwitu aliyemfuga, wakaendelea kutembea miaka nenda miaka rudi. Ukaidi? Labda, lakini waundaji wanaotuuzia dunia kisha wakaipangua bila idhini yetu wangefanya insafu lau wangetuachia njia ya kurejea matoleo ya kale, jambo ambalo Minecraft yenyewe, si haba, imeliruhusu.