Chipu ya Gari Haitatuokoa

Ndugu wafanyakazi,

Wenzetu wenye minibasi na matola kati ya Dzaleka na Lilongwe, kilomita zipatazo 45, wanatuuliza: je, tununue chipu ya kuongeza nguvu na kupunguza mafuta? Jibu letu ni hapana.

Chipu nyingi za bei rahisi, zinazochomekwa chini ya usukani, mafundi wamezipasua wakakuta taa zinazowakawaka tu. Haziipi injini amri yoyote. Zipo zinazobadili kweli hesabu ya mafuta, na dizeli yenye tabo hupata nguvu. Lakini nguvu hiyo haiji bure: klachi na tabo huchakaa upesi. Injini ya petroli isiyo na tabo hupata kidogo mno.

Foleni za mafuta za 2024 na 2025 zilituchosha sote, na mtu aliyechoka hudanganyika upesi. Fedha hiyo ninunulie plagi, chujio la hewa na upepo wa matairi.

Na sisi abiria, nauli ikipanda, dawa yetu si kidude. Tudai posho ya usafiri kazini, kwa sauti moja.

Umoja ni nguvu!