"Mfumo Umekataa": Nani Hasa Amekataa?



Leo sina mbinu ya kuongeza wateja wala sijaja kuwaambia bidhaa gani inatoka haraka. Nina sentensi moja tu ambayo tunaisema kila siku mpaka imekuwa kama salamu: "Mfumo umekataa." Nataka tuiangalie vizuri, maana kiukweli inatula pesa na hatujui.

Mimi nina duka dogo hapa Murongo mpakani. Sukari, sabuni, mafuta ya kupikia, vocha, na pembeni nafanya uwakala wa pesa. Ukishuka kidogo unaukuta mto Kagera, ng'ambo yake ni Kikagati, Uganda. Elimu yangu ni kidato cha nne. Kompyuta sijasomea. Haya ninayoandika nimejifunzia kaunta.

Kuna bibi mmoja ni mteja wangu wa siku zote. Ana migomba yake na kahawa, akija dukani namwamkia, ananiita mjukuu. Mnakumbuka ule usajili wa laini kwa alama za vidole? Ulianza Mei 2019, mwisho ukawa Desemba 31, Rais Magufuli akaongeza siku 20 mpaka Januari 20, 2020. Bibi alienda kabla siku hazijaisha. Mashine ikakataa kusoma vidole vyake. Gumba, hola. Cha shahada, hola. Mikono iliyoshika jembe tangu utotoni, ile mistari ya vidole imeshalika. Siku zinaisha, laini itafungwa, wakafanya walichoona ni rahisi: ikasajiliwa kwa jina la mjukuu wake. Wote wakarudi nyumbani wanafurahi.

Miaka ikapita bila shida. Halafu msimu mmoja wa kahawa simu ya bibi ikapotea gulioni. Ndani ya laini kulikuwa na shilingi 180,000 alizotumiwa na mwanaye aliyeko Mwanza ili awalipe vibarua wa kuvuna. Akaenda kurudisha laini. Akaambiwa, "Bibi pole, mfumo unakataa, anatakiwa mwenye laini aje aweke kidole." Mwenye laini ni mjukuu, na mjukuu yuko Uganda anatafuta maisha, simu yake haipatikani.

Wiki tisa, ndugu zangu. Kahawa ikaiva, ikaanza kudondoka chini, bibi anavuna na majirani wawili tu. Pesa ipo, ni yake, kila mtu pale kijijini anajua ni yake. Lakini kwenye mfumo bibi hayupo kabisa.

Sasa yule binti wa mezani nimlaumu? Hapana. Angempa laini bila kidole cha mwenyewe, kesho mwizi angekuja na hadithi hiyo hiyo akachukua laini yako au yangu. Usajili wenyewe ulikuja kwa sababu za maana. Sote tumepata zile meseji za "ile pesa tuma kwenye namba hii". Kuna watu walilia.

Shida yangu iko hapa. Hakuna sheria iliyoandikwa kwamba mkulima mzee asiwe na laini. Hakuna mbunge aliyesimama akasema hivyo. Ila kuna mtu mahali fulani, wakati anapanga hatua za kusajili, alipanga kwamba bila kidole kusomeka hakuna kuendelea. Pale mezani kwetu haikuonekana njia ya pili kwa mtu ambaye vidole vimelika. Kwa hiyo bibi alikataliwa na mpangilio. Na mpangilio haujitungi, kuna mtu aliupanga.

Angalia hata namba ya NIDA. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Kwa mtoto wa kliniki hiyo ni sawa. Lakini wazee wetu wangapi wanajua siku waliyozaliwa? Wengi watakwambia nilizaliwa mwaka wa njaa fulani, au kabla ya fulani kuolewa. Mfumo hauna mahali pa kuandika "mwaka wa njaa". Kwa hiyo ikabidi kila mtu awe na tarehe, na tarehe hiyo imeingia ndani ya namba yenyewe. Sio kitu cha kufuta kwa kalamu.

Ndio maana nasema mpangilio wa mashine ni kama sheria, tena ina nguvu kuliko ile ya kwenye karatasi. Sheria ya karatasi unaweza kumwomba afisa akusikilize. Mashine unamwomba nani?

Na inatubadilisha tabia bila sisi kujua. Chukua hii: "Tuma na ya kutolea." Nani alitufundisha? Sio shule, sio kanisani wala msikitini. Imetokea tu kwa sababu mfumo ulipangwa hivyo: anayetoa pesa kwa wakala ndiye anakatwa. Ukituma 20,000 kamili, mwenzako hataishika 20,000 mkononi. Ikazaliwa heshima mpya kabisa, kwamba mtu mwenye adabu anaongeza ya kutolea. Usipoongeza unaitwa bahili. Huo ni utamaduni umetengenezwa na jedwali la makato.

Na serikali nayo inafuata pale mfumo ulipopita. Mnakumbuka tozo ya miamala? Julai 15, 2021. Kuanzia shilingi 10 mpaka 10,000 kwa muamala mmoja, kutegemea kiasi, kwa kutuma na kwa kutoa. Mimi ndo nilikuwa naanza uwakala. Jana mteja alikuwa anakatwa hivi, leo anakatwa vile, mimi nimekaa pale pale na simu zangu zile zile.

Jiulize, kwa nini kwenye simu? Kwa nini sio kwenye mkungu wa ndizi sokoni? Kwa sababu mkungu wa ndizi ukiuzwa kwa noti hakuna mtu anayehesabu. Simu inahesabu kila kitu yenyewe, na sehemu ya kukata ilishakuwepo tayari. Kuongeza makato mengine juu yake ni kazi ya kubadilisha namba tu. Bomba lilishachimbwa, kilichobaki ni kufungua koki.

Na watu nao wakajibu. Hapa kwangu wateja wakaanza kuulizia noti. Mtu alikuwa anatuma pesa ya shule kwa simu, akaanza kumpa dereva wa gari bahasha. Malalamiko yakawa mengi nchi nzima, Septemba 2021 tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, Julai 2022 kiwango cha juu kikashuka mpaka 4,000, na bajeti ya 2023/24 ikaondoa tozo kwenye kutuma. Kwa hiyo msiseme sauti zetu hazifiki. Zinafika, ila tukijua tunalalamikia nini.

Majirani zetu ng'ambo ya mto waliyaona mapema zaidi. Julai 2018 Uganda iliweka kodi ya shilingi 200 zao kwa siku kwa anayetaka kutumia WhatsApp, Facebook na Twitter, pamoja na asilimia 1 kwenye miamala ya simu. Watu wakapakua VPN ili mtandao usijue wameingia wapi. Ile ya miamala ikashushwa mwaka huo huo mpaka asilimia 0.5, tena kwenye kutoa tu. Ile ya WhatsApp ikafutwa 2021, ikawekwa asilimia 12 kwenye bando la intaneti. Unaona? VPN inamficha mtu anaingia wapi, lakini bando lazima alinunue.

Lakini nisiwe mtu wa kulaumu tu, mpangilio mzuri nao unatusaidia sana. Zamani kila mtandao ulikuwa kisiwa chake. Kumtumia mtu wa mtandao mwingine ilikuwa usumbufu mtupu. Mwaka 2014 Airtel, Tigo na Zantel wakakubaliana kanuni za kupokeana pesa, 2016 Vodacom akaingia. Sasa hivi mteja ananilipa bila kuniuliza natumia mtandao gani. Benki Kuu nayo ikajenga TIPS ili benki na mitandao viongee lugha moja. Watu walikaa mezani wakakubaliana, na mimi wa Murongo nikapata wateja ambao jana walikuwa wananipita.

Au ile kuonyeshwa jina la unayemtumia kabla hujaweka namba ya siri. Ni mstari mmoja tu kwenye kioo cha kitochi. Lakini umeokoa pesa ngapi? Umezuia ugomvi mwingapi hapo kaunta kwako? Kuna mtu alikaa akafikiri kwamba binadamu hukosea namba. Huyo mtu simjui ila Mungu ambariki.

Sasa nije kwangu, maana kusema ya wengine ni rahisi.

Nina daftari la madeni. Mwanzoni niliandika jina na kiasi, basi. Madeni yakawa hayalipiki. Siku moja nikachora mstari nikaongeza safu ya tatu: "Atalipa lini." Kila anayekopa namuuliza, anataja siku mwenyewe, naandika mbele yake. Jamani, watu walibadilika. Hakuna aliyegombezwa. Mtu akishataja siku kwa mdomo wake, anaikumbuka. Safu moja tu ya kalamu.

Nikajiona fundi. Mpaka bibi alipokuja kipindi kile laini imefungwa, anataka mchele na mafuta. Nikamuuliza, bibi, utalipa lini? Akanyamaza. Atajuaje mjukuu atarudi lini? Mimi kwa ujeuri nikamwambia, "Bibi, bila siku siwezi kuandika, ndio utaratibu." Akasema, "Haya mjukuu wangu," akaondoka. Wiki nzima hakuja.

Usiku nikiwa napiga hesabu ndo ikanigonga. Utaratibu wa nani? Ni wangu! Mimi ndiye niliyechora ule mstari, na mimi ndiye mwenye kalamu. Nimemfanyia bibi kile kile nilichokuwa nakilalamikia. Nikamfuata nyumbani na mchele, nikaandika kwenye ile safu: "laini ikifunguka." Deni likafika 46,000. Mjukuu aliporudi akaweka kidole, laini ikafunguka, bibi alinilipa siku hiyo hiyo kabla hata ya kununua chumvi. Lakini kahawa iliyodondoka haikurudi mtini.

Na nikiri lingine. Sisi mawakala ni waongo. Floti ikiisha tunasema "mtandao unasumbua". Mteja anatembea mpaka kwa mwenzako, anakuta mtandao upo. Umempoteza, na umeendelea kumfundisha kwamba mfumo ni kitu cha kulaumiwa tu, hakina mwenyewe.

Msimamo wangu ni huu. Mfumo wowote, uwe wa serikali, wa kampuni ya simu au daftari la dukani, lazima uwe na mlango wa pembeni kwa yule ambaye haingii kwenye safu. Na pale mlangoni akae mtu mwenye mamlaka ya kusikiliza na kuamua, sio wa kusema pole peke yake. Mfumo usio na mlango huo utawatupa nje watu wale wale kila siku: wazee, wakulima, wa mipakani, wasio na karatasi. Na hao ndio wateja wetu.

Wakati tunaendelea kuomba hilo, fanya haya dukani kwako:

1. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Fanya leo, na msaidie mzazi wako naye aone.

2. Pesa ya biashara iwe kwenye laini yenye jina lako. Sio ya mume, sio ya kaka, sio ya rafiki. Siku mkigombana au akisafiri, mfumo utamtambua yeye, sio wewe.

3. Kama kuna mzee anatumia laini ya jina la mtu, msirudi nyumbani na kufurahi kama tulivyofanya sisi. Rudini mkajaribu tena vidole vyote, na mkishindwa ombeni tatizo liandikwe na mpewe namba ya kumbukumbu.

4. Ukiambiwa "mfumo umekataa", uliza kwa upole maswali matatu: Umekataa kitu gani? Nani ana uwezo wa kubadilisha? Nirudi lini? Andika majibu na jina la uliyeongea naye. Ukiwa na maandishi unasikilizwa tofauti.

5. Bandika jedwali la makato mahali mteja analiona, na mwambie makato kabla hajabonyeza. Ugomvi utapungua nusu.

6. Kagua utaratibu wako mwenyewe. "Hatukopeshi", "chenji leta mwenyewe", "hakuna kubadilisha". Kila moja umeiweka wewe. Jiulize inamfukuza nani ambaye hukutaka kumfukuza.

7. Floti ikiisha, sema floti imeisha. Mteja atarudi kesho.

Bibi sasa hivi ana simu nyingine, laini bado ni ya jina la mjukuu. Wiki ijayo nafunga duka asubuhi moja nampeleka tukajaribu tena vidole vyake. Mashine ikikataa, safari hii hatutaondoka na pole. Tutauliza nani amekataa.

Na wewe, hapo dukani kwako, sentensi gani unamficha nayo mteja? Anza na hiyo. Kazi njema, biashara njema.