Kijitabu cha Majibu Hakifanyi Mwalimu



Kila mwaka, Mtihani wa Serikali unapokaribia, huku kwetu Buluo na mjini Likasi naona jambo moja linaloniuma moyo, na safari hii sitanyamaza. Vijana wetu wanaosoma ualimu, wale ambao kesho watasimama mbele ya watoto wetu, wanakwenda sokoni kununua vijitabu vya maswali ya zamani pamoja na majibu yake. Wanayakariri mchana na usiku kama kasuku, kisha wanasema: "Tunajitayarisha." Mimi nasema: La, hamjitayarishi! Mnajidanganya nafsi zenu, na kesho mtawadanganya watoto wa watu.

Najua maneno haya yatawaudhi wengine. Na waudhike, lakini wasome mpaka mwisho.

Tazameni mambo yalivyo. Mama mmoja anauza makala yake kando ya barabara, gunia kwa gunia. Jioni anahesabu falanga zake, anamwita kijana wake na kumwambia: "Chukua, mwanangu, ukanunue kitabu cha mtihani." Kijana anakwenda, anarudi na karatasi za fotokopi zilizoshonwa kwa pini mbili. Mama hajui kusoma Kifaransa. Anaona maandishi mengi, anafurahi. Lakini mle ndani mna nini? Mna swali, mna namba ya jibu, basi. Hakuna neno moja la kueleza kwa nini jibu ni hilo, wala kwa nini mengine si kweli. Tena fotokopi imetolewa katika fotokopi nyingine, na hiyo katika nyingine, hata alama ndogo zimefutika. Mbili na nusu, iliyoandikwa 2,5, sasa inasomeka 25. Kijana anakariri 25. Jasho la mama limenunua kosa.

Tukumbuke kwanza mtihani wenyewe ni kitu gani. Ulianzishwa mwaka 1967. Kabla ya hapo wazee wetu walitoka katika skuli za ualimu, nyingi zao za misioni: wengine wakiwa na D4, wengine na D6. Leo diploma ya Serikali ya upande wa ualimu ndiyo inayomfungulia kijana mlango wa darasa la primari. Na mtihani huo hauna sehemu moja tu. Kwanza kuna kazi za kabla ya kikao kikubwa: insha ya Kifaransa, na kwa watu wa ualimu, kufundisha somo mbele ya juri. Ndipo zinakuja siku za kikao chenyewe, ambapo kila swali lina majibu kadha yaliyoandikwa, na mtahiniwa anachagua lililo la kweli.

Vijitabu vile vinaitazama sehemu hii ya mwisho tu. Insha haimo. Namna ya kutayarisha somo, kuuliza watoto maswali, kusahihisha kosa la mtoto bila kumvunja moyo, haimo. Je, mtu akikuuzia jembe lisilo na mpini, utasema amekuuzia jembe?

Hata katika sehemu hiyo moja, msaada wake ni mdogo kuliko wanavyodhani. Maswali hubadilishwa. Karatasi hugawanywa kwa seri mbalimbali, ili jirani asimwige jirani. Nimemsikia kijana akisema kwa majivuno: "Swali lile la sikolojia nalijua, jibu lake ni la 4." Nikampa swali lile lile, nikayapanga majibu yake upya. Akachagua la 4 tena! Hakujua jambo, alijua namba ya jambo.

Sasa nikiri yangu mwenyewe, nisije nikaonekana kama mtu anayehubiri kwa wengine tu. Nilipotoka seminari, niliombwa kushika darasa la sita katika skuli moja, ambayo sitaitaja. Nilikuwa na Kilatini, nilikuwa na filosofia, lakini diploma ya ualimu sikuwa nayo. Nikajiandikisha kama mtu anayejisomea peke yake, nikanunua kijitabu kama hicho, nikakikariri chote. Wasomaji, nilifaulu! Hiyo ndiyo aibu yangu. Kama ningeshindwa, pengine ningefungua macho mapema zaidi.

Siku moja nafundisha kugawanya kwa sehemu. Nikaandika ubaoni: 3 kugawanya kwa 3/4. Nikawaambia watoto: "Geuzeni sehemu ya pili, kisha zidisheni." Wakafanya, wakapata 4. Msichana mmoja aliyekaa nyuma akainua mkono. "Mwalimu, kwa nini tunageuza? Na kwa nini tumegawanya, lakini hesabu imekuwa kubwa zaidi?" Nikasimama na chaki mkononi. Sikuwa na jibu. Nikamwambia kwa ukali: "Ndiyo kanuni. Kaa chini." Akakaa chini, wala hakuuliza tena mwaka ule mzima.

Jibu lenyewe ni jepesi. Twaa mikate mitatu. Kila mtu apewe robo tatu za mkate. Kata kila mkate robo nne: umepata robo kumi na mbili, maana yake umezidisha 3 kwa 4. Sasa zifungeni tatu tatu, kwa sababu kila mtu anapewa robo tatu: yamekuwa mafungu manne, maana yake umegawanya kwa 3. Basi watu wanne wamekula. Ndiyo maana tunageuza, na ndiyo maana hesabu imekuwa kubwa zaidi: umehesabu mafungu, wala hukuhesabu mikate. Mtoto yeyote anayekula mkate anaweza kuelewa. Lakini kijitabu changu hakikuwa na mikate, kilikuwa na namba ya jibu. Wazee walisema: asiyejua maana haambiwi maana. Mimi nilikuwa mwalimu, na maana sikuijua. Ningewezaje kuwaambia watoto?

Msichana yule ndiye ninayemfikiria kila ninapoona vijitabu vile mezani. Mwanafunzi wa ufundi akikariri bila kuelewa, mashine itamkataa siku ya kwanza. Lakini mwalimu asiyeelewa hakataliwi na mtu. Watoto wanamwamini. Anaweza kufundisha kosa miaka thelathini, na kila mwaka darasa jipya linalibeba nyumbani. Na tangu Septemba 2019, Serikali ilipoanza kuondoa malipo ya wazazi katika skuli za primari za umma, watoto wengi waliokuwa wakikaa nyumbani waliingia, na madarasa yakajaa. Tumefungua mlango wa skuli. Je, tuwaweke ndani yake walimu wa kukariri?

Wako watakaonijibu. Wa kwanza atasema: "Fulani alikariri kijitabu, akafaulu." Ni kweli, hata mimi nilifaulu. Lakini ninyi mnatafuta nini, karatasi au kazi? Nguo ya kuazima haisitiri.

Wa pili atasema: "Vitabu vizuri ni ghali, nasi ni maskini." Neno hili ni zito, sitalidharau. Lakini, ndugu yangu, kwa nini kila mmoja anunue fotokopi yake mbovu? Watahiniwa watano wakiweka falanga zao pamoja, watapata kitabu kimoja cha kweli, na kusoma pamoja kutawafaa kuliko kila mtu kujifungia chumbani. Tena mwongozo wa kwanza hauuzwi. Programu ya Taifa iko kwa direkta wa skuli: mwombe kwa heshima, nakili kwa mkono vichwa vya masomo ya upande wako. Daftari zako za miaka yote ya ualimu unazo, kama hukuziuza kufungia karanga. Na viko vitabu vya primari vyenyewe. Mtu anayetaka kuwa mwalimu wa primari, na hawezi kufanya na kueleza mahesabu yote ya kitabu cha darasa la sita, asinunue kitu kingine kabla ya kukimaliza hicho.

Wa tatu hatasema kwa sauti, atanong'ona: kuna mtu wa kuleta majibu kwa simu. Huyo sina la kujadiliana naye. Anayenunua majibu ya wizi ni mwizi, na kama ni mtahiniwa wa ualimu, ni mwizi anayetaka kukabidhiwa watoto.

Basi tuchagueje mwongozo? Nawapa majaribio manne. Yafanyeni pale pale mezani kwa muuzaji, kabla ya kutoa pesa.

Jaribio la kwanza: shika orodha yako ya programu, uilinganishe na kitabu. Je, ni cha upande wa ualimu, au ni cha upande mwingine kilichobadilishwa jalada tu? Kama ualimu wenyewe, yaani pedagogia, sikolojia na namna ya kufundisha kila somo, umepewa kurasa chache za mwisho, kirudishe.

Jaribio la pili: tafuta maswali matatu ambayo wewe mwenyewe unayajua vizuri kabisa, utazame majibu ya kitabu. Ukikuta kosa moja katika matatu, katika mia utakuta mangapi? Kirudishe.

Jaribio la tatu: soma jibu moja la swali usilolijua. Je, kitabu kinaeleza sababu? Je, kinaonyesha kwa nini majibu mengine yanavuta macho lakini ni ya uongo? Makosa ya mtahiniwa ndiyo makosa ya watoto wake wa kesho. Kitabu kinachoeleza kosa kinakufundisha mara mbili. Kama kimeandika namba tu, kirudishe.

Jaribio la nne, nalo ni kubwa kuliko yote: funga kitabu, mweleze mama yako kwa Kiswahili ulichosoma. Usicheke! Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inasema lugha za taifa zitumike katika kufundisha, na huku kwetu mtoto wa darasa la kwanza analeta skuli Kiswahili, halieti Kifaransa. Kama jambo liko kichwani mwako kwa maneno ya Kifaransa uliyoyakariri tu, utamwambia nini mtoto yule? Mama yako akielewa, basi nawe umeelewa, na kitabu kile ni kizuri. Mama asipoelewa hata ukirudia mara tatu, ama kitabu ni kibaya, ama wewe bado hujakisoma.

Je, maswali ya zamani yatupwe motoni? La hasha! Sijasema hivyo. Ni mizani mizuri kwa mtu aliyekwisha kuvuna. Wiki za mwisho, ukiisha kumaliza programu, twaa maswali ya mwaka mmoja, weka saa mezani, yajibu bila kutazama majibu. Kisha yale uliyokosa, yarudie katika daftari na vitabu mpaka ujue sababu. Lakini anayeanza na mizani kabla ya kulima, atapima nini?

Mwaka 1950 Papa Pio XII alimtangaza Mtakatifu Yohane Mbatizaji de La Salle kuwa msimamizi wa walimu. Mtu huyo, padri wa Ufaransa, aliona watoto maskini wakifundishwa na watu wasiojua kazi. Kwanza aliwashughulikia walimu: aliwaweka pamoja, akawafundisha namna ya kufundisha, akataka watoto wasome kwanza kwa lugha yao, kabla ya Kilatini. Alikufa mwaka 1719, na bado tunajifunza kwake: anayewapenda watoto aanze kwa kumtengeneza mwalimu.

Watu wa mbali wakisikia jina la Buluo, wanafikiri gereza lake. Mimi ningependa siku moja wafikiri walimu wake. Na jambo hilo haliko mbali nasi. Parokia zetu zina chumba, zina benchi, zina walimu wastaafu ambao wanakaa nyumbani na akili zao nzima. Kwa nini tusiwaombe wawasikilize watahiniwa jioni mbili kwa wiki, kila mmoja afundishe somo moja dogo mbele ya wenzake na asahihishwe? Hilo linapita kijitabu chochote, wala halina bei. Nimeanza na vijana wachache. Siku ya kwanza wote walitaka majibu. Sasa wanagombana juu ya sababu, na ugomvi huo unanifurahisha.

Matokeo yanapotoka, mnajua desturi yetu: aliyefaulu anamwagiwa poda nyeupe kichwani, anazunguka kartie, watu wanaimba. Ni furaha ya haki, nami naimba nao. Lakini poda hunawiwa jioni ile ile, na asubuhi darasa linangoja.

Enyi wazazi, msitoe falanga kwa macho yaliyofumba. Jumapili hii, mkiisha kutoka kanisani, mwambieni kijana alete kitabu anachosoma. Mfungulieni ukurasa wowote, mwulizeni: "Kwa nini jibu ni hili?" Akieleza, mnunulieni na kingine. Asipoweza kueleza, mpelekeni kwa mwalimu mzee wa jirani jioni hiyo hiyo, kabla mtihani haujafika.