Barua Isiyoweza Kuja



Iddi ya Mfungo Tatu ya mwaka 2025 sikuila Mombasa. Nilikwenda Kinanie, kaunti ya Machakos, kwa mdogo wangu ambaye mumewe ameajiriwa katika kiwanda kimoja cha saruji upande wa Athi River. Asiyeifahamu Kinanie na afikirie uwanda wa nyasi kavu, upepo usiotulia, vumbi la malori, na nyumba mpya zinazochomoza mojamoja kati ya viwanja vitupu. Bahari iko mbali, na nazi hununuliwa kwa bei ya kusikitisha. Lakini watu wetu wako huko, kwa kuwa riziki iko huko.

Katika nyumba hiyo yumo binti aliyefanya mtihani wa KCSE wa mwaka 2024. Matokeo yalipotangazwa Januari 9, alikuwa amepata C-. Tangu siku hiyo hadi Iddi, muda wa takribani miezi mitano, kila jamaa aliyepiga simu kutoka Mombasa, Lamu na hata Muscat alipewa jibu moja: anasubiri chuo. Mimi nami nililipokea jibu hilo, nikamwombea dua, nikapita. Sikuuliza chuo gani.

Usiku wa pili wa Iddi tulikuwa jikoni wawili tu, tukisugua masufuria ya pilau, ndipo aliponiambia bila kuinua uso: "Mama mkubwa, mimi sisubiri kitu. Anayesubiri ni mama."

Nilifunga bomba la maji, nikamsikiliza. Mama yake alikuwa ameweka nia, tangu binti akiwa darasa la nne, kwamba mwanawe atasomea shahada ya uuguzi. Matokeo yalipotoka, binti aliingia katika tovuti ya KUCCPS, shirika linalowapanga wanafunzi katika vyuo vikuu na vyuo vya kati, na mfumo ukamwonyesha kwamba hakufikia kiwango. Shahada huanzia C+. Hata stashahada ya uuguzi katika vyuo vya mafunzo ya tiba, KMTC, huanzia C. Alipomweleza mama yake kwamba C- humfungulia mtu mlango wa stashahada nyingine nyingi, aliambiwa aache uvivu wa kukata tamaa na azidishe kuomba. Basi hakujaza lolote. Kila asubuhi aliamka, akafagia, akapika, akawatayarisha wadogo zake kwenda shule, na jioni akaulizwa kama kuna ujumbe uliofika katika simu.

Ujumbe wa nini, wakati hakuna ombi lililopelekwa?

Lililonitia hofu zaidi lilikuja baadaye. Mama yake alikwisha kupata "mtu". Nyinyi mnawajua watu hawa. Kila msimu wa matokeo huzuka kama kumbikumbi baada ya mvua. Huyu aliahidi nafasi ya uuguzi bila kujali gredi, na alikwisha kupokea shilingi elfu kumi na tano za kile alichokiita kuharakisha faili. Hapana faili linaloharakishwa hapo. Mwanafunzi wa uuguzi hana budi aandikishwe na Baraza la Wauguzi la Kenya anapoanza masomo, na baraza hilo hutazama gredi zake za KCSE. Asiyeandikishwa anaweza kuketi darasani miaka mitatu, akavaa sare, akalipa karo hadi senti ya mwisho, kisha asiruhusiwe kufanya mtihani wa leseni. Kabla ya kutoa fedha kwa chuo chochote, ulizeni kwa TVETA ikiwa ni chuo cha ufundi, au kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ikiwa ni chuo kikuu, kama kimeidhinishwa na kama kozi hiyo imeidhinishwa.

Asubuhi yake nilikaa na mdogo wangu barazani. Sikumtajia maneno ya mwanawe mara moja. Nilimwuliza tu ameomba chuo gani. Akasema: "Tumeswali istikhara, tunamwachia Mungu." Nikamwambia, kwa upole kadiri nilivyoweza, kwamba istikhara huswaliwa na mtu aliyekwisha kukusudia jambo. Yeye amekusudia lipi? Kuswalia jambo ambalo mlango wake umekwisha kufungwa, huku milango iliyo wazi hujaitazama, si kumwachia Mungu.

Alinyamaza kitambo kirefu. Kisha likatoka lile lililokuwa ndani: "Dada, nitawaambia nini watu?"

Hapo nilimwelewa, wala sikumcheka. Swali hilo ndilo lililokuwa likimzuia mtoto nyumbani, zaidi ya C- yenyewe. Watahiniwa waliofanya KCSE ya 2024 walikuwa 962,512. Waliopata C+ na zaidi walikuwa 246,391. Maana yake, zaidi ya laki saba walibaki chini ya mstari huo, na karibu katika kila mtaa wetu wamo. Hao watu tunaowaogopa, wengi wao nao wana mtoto ndani "anayesubiri".

Tena aibu hii ya kudharau stashahada na ufundi sijui tumeiokota wapi, maana wazee wetu wa pwani hawakuwa nayo. Mwishoni mwa miaka ya 1940 viongozi wa pwani walikaa kutafuta njia ya kuwapa vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki elimu ya ufundi. Fedha zilitoka kwa Sultani wa Zanzibar, kwa Aga Khan, kwa jamii ya Mabohora na kwa serikali ya kikoloni, na taasisi ile ya elimu ya Kiislamu ya Mombasa, MIOME kama wazee wanavyoikumbuka, ikawapokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1951. Mwaka 1966 iliitwa Mombasa Technical Institute, mwaka 1972 ikawa Mombasa Polytechnic, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Chuo hicho chenyewe kilianza na ufundi, kikapanda ngazi kwa ngazi. Mwanafunzi naye huweza kupanda hivyo hivyo: mwenye D huanzia cheti cha ufundi, mwenye C- huanzia stashahada, na mwenye stashahada aliyefanya vyema huweza kuendelea hadi shahada. Hata mwenye E ana mafunzo yake ya ngazi ya mwanzo. Vyuo vya ufundi navyo hupokea wanafunzi zaidi ya mara moja kwa mwaka, kwa hiyo aliyekosa dirisha moja asihesabu kwamba mwaka umempotea.

Nilimwita binti. Nilimwuliza mbele ya mama yake: wewe ungependa kusoma nini?

Akaenda chumbani, akarudi na daftari. Ndani aliandika kwa penseli kozi tatu, na ya kwanza ilikuwa stashahada ya teknolojia ya ngozi. Mama yake akaguna. Binti akasema hapo Kinanie serikali imetenga eneo la viwanda vya ngozi, na yeye hujiuliza ngozi hizo zitatoka wapi na nani atazifanyia kazi. Kisha akaelekeza kidole nyuma ya nyumba, kwenye shimo la taka. Siku mbili kabla, tulichinja mbuzi wawili na ngozi zote mbili tulizitupa humo. Nilitahayari. Tunajua sote kwamba ngozi ya udhahiya haiuzwi kwa manufaa ya mchinjaji, lakini kuitoa sadaka ni jambo moja na kuitupa ni jambo jingine.

Alieleza yale anayoyajua: kwamba ngozi iliyokatwakatwa na kisu cha haraka huharibika thamani, kwamba isipopakwa chumvi mapema huoza. Aliyasoma katika simu ile ile aliyokuwa akiulizwa kila jioni kama imeleta ujumbe. Miezi mitano alikuwa akisoma peke yake, na hakuna aliyemwuliza.

Mchana huo alijaza ombi lake kwa ajili ya muhula ujao. Jibu halijatoka. Zile elfu kumi na tano hazijarudi pia, na sidhani zitarudi. Yule mtu hapokei simu tena.

Kabla sijapanda gari la kurudi Mombasa, mdogo wangu alinivuta kando, akaniuliza kama kwenye viwanda hivyo mwanamke huruhusiwa kufanya kazi na buibui lake. Nikamwambia amwulize binti, alikuwa amesimama pale pale mlangoni ameshika begi langu.