Unataka kwenda Ujerumani? Anza na lugha, ajenti atangoja

Mabango umeyaona. Yako kwenye nguzo za stima, ndani ya matatu na kila ukifungua TikTok: jifunze Kijerumani miezi mitatu, uende majuu. Biashara hii ilipata moto Septemba 2024, baada ya Kenya na Ujerumani kutia saini mkataba wa uhamiaji jijini Berlin mbele ya Rais William Ruto na aliyekuwa Kansela, Olaf Scholz.

Siku hiyohiyo zilienea habari kwamba Wakenya 250,000 wametengewa kazi. Wizara ya Ndani ya Ujerumani ilikanusha haraka: mkataba hautaji idadi yoyote. Kinachofanyika ni kurahisisha njia kwa wenye ujuzi wanaotimiza masharti, na pia kuwarejesha nyumbani Wakenya wasio na ruhusa ya kuishi huko. Kwa hivyo hakuna kiti chenye jina lako kinachokungoja Berlin. Kuna masharti, na lile linalowaangusha wengi ni lugha.

Mambo ni hivi. Kijerumani hupimwa kwa ngazi sita, kuanzia A1 hadi C2. Ukitaka Ausbildung, yaani mafunzo ya kazi ya kati ya miaka miwili na mitatu na nusu ambapo unalipwa kila mwezi ukiendelea kujifunza, kwa kawaida utahitaji B1. Muuguzi anayetaka cheti chake kitambuliwe huko kwa kawaida huitishwa B2. Ukitaka shahada inayofundishwa kwa Kijerumani, vyuo vikuu vingi vitataka kiwango cha C1.

Sasa tupige hesabu. Makadirio ya Goethe-Institut ni kwamba kufika B1 huhitaji vipindi 350 hadi 650 vya dakika 45, na B2 vipindi 600 hadi 800. Tuseme unasoma vipindi vinne kwa siku, siku tano kwa wiki. Baada ya miezi mitatu utakuwa umemaliza vipindi kama 240. Hapo unaweza kujitambulisha, kununua mkate na kuuliza njia. B2 bado iko mbali: wiki 30 hadi 40 bila kukosa darasa. Anayekuahidi B2 kwa miezi mitatu anauza ndoto, na wewe ndiye utakayelipia mtihani ukianguka.

Mtihani wenyewe una sehemu nne: kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza. Kuanzia B1 lazima upate alama 60 kwa 100 katika kila sehemu. Huwezi kukariri maswali ya zamani ukatoboa, kwa sababu mtahini atakuuliza kitu ambacho hukutarajia. Na hata ukipita, kazini hakuna mtahini mpole. Kuna mgonjwa wa miaka 85 anayelalamika kwa lahaja ya Bavaria, na unatakiwa kujua kama anaumwa kifua au tumbo.

Lugha pia ni ngao. Mkataba wako wa kazi utaandikwa kwa Kijerumani. Usipoweza kuusoma, hutajua saa zako, likizo yako wala pesa unazokatwa. Utamtegemea aliyekupeleka, na huyo ana maslahi yake.

Wanaolenga masomo wana hesabu nyingine. Vyuo vikuu vingi vya umma Ujerumani havitozi karo, ingawa jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Lakini "bila karo" si bure. Ili upate viza, mara nyingi huna budi kuonyesha kwamba una euro 11,904 za kukimu mwaka mmoja. Hizo ni zaidi ya Sh1.5 milioni. Kuna kozi za uzamili zinazofundishwa kwa Kiingereza, lakini bila Kijerumani utapata taabu kutafuta kibarua, nyumba na marafiki.

Je, ukijifunza halafu usiende? Inategemea umechagua lugha gani na kwa nini. DR Congo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022, na benki za Kenya kama Equity na KCB tayari zina matawi huko. Kiswahili chako kitakufikisha sokoni Goma na Lubumbashi, ila karatasi za ofisini ni za Kifaransa. Hapa Gigiri, Umoja wa Mataifa hutumia lugha sita rasmi, zikiwemo Kiarabu, Kichina na Kifaransa. Kama uko shule ya upili na shule yako ina Kifaransa, Kijerumani au Kiarabu, usikimbie somo hilo kwa kuogopa kuharibu gredi. Baada ya KCSE utalilipia kwa pesa zako mwenyewe.

Hapo ndipo serikali inapaswa kuulizwa. Kutia saini ni rahisi. Kama darasa la lugha la bei nafuu halipatikani Lodwar au Kwale, fursa hii itabaki ya watoto wa wenye pesa Nairobi, na wengine watauza shamba la familia kumlipa ajenti.

Kwa hivyo, kabla hujatoa hata shilingi, fanya mambo matatu. Lipia A1 pekee kwanza, uone kama lugha inakuingia. Muulize mwalimu ni mtihani gani hasa anaokuandaa, na ni wanafunzi wangapi wameupita. Kisha hakikisha ajenti ana leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Akikuambia lugha utajifunzia hukohuko, shika njia urudi nyumbani na pesa zako.